Dawa ya Ng'ombe Haijui Uko na Kilo Ngapi

Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa Nyumba Kumi, Kangemi, Nairobi

Haya, hamjambo wote. Mwenyekiti ameniambia nisipitishe nusu saa, na mimi nikishika mambo ya dawa huwa sijui kunyamaza, kwa hivyo mtanivumilia. Mimi ni vet. Wengi hapa mnanijua kwa sababu ya ng'ombe, mbwa na kuku wenu, leo nimeitwa kuongea juu ya watu, na sababu iko.

Mkumbuke 2024. Madaktari waligoma katikati ya Machi, mgomo ukaenda siku 56, na ndani ya huo mgomo mvua ikashuka, Mathare ikafurika, Mukuru ikafurika, watu wakalala shuleni na makanisani. Sasa wewe ni mama, mtoto anahara, hospitali ya serikali imelala, kemisti inataka pesa huna, na hapo kando kuna agroveti, duka la dawa za mifugo, iko wazi, imejaa chupa mpaka juu, hakuna mtu anakuuliza karatasi ya daktari, na ile chupa ya elfu moja inaweza "kutibu" nyumba nzima. Mimi simcheki huyo mama. Akili yake inafanya hesabu vizuri sana, shida ni kuna nambari hajaonyeshwa.

Na lile swali mnaniuliza kila siku, "Daktari, si ni dawa ileile tu?" Nitawajibu ukweli: mara nyingi ndio, ni ileile. Oksitetrasaiklini ni ileile. Penisilini ni ileile. Albendazoli ya minyoo mnayopewa hospitalini na ile tunanyweshea mbuzi ni kitu kimoja. Najua kuna wenzangu hawapendi nikisema hivi mbele ya watu, wanataka niseme tu "hizo ni sumu" halafu niketi, lakini mtu ataenda kusoma lebo mwenyewe, akute jina ni lile alilopewa kliniki, aone ulimdanganya, na siku nyingine ukimwambia jambo la maana hatakuskia.

Chukua ivamektini, dawa ya kuua minyoo na vimelea. Hiyo ilianza kwa wanyama 1981, halafu 1987 ikaingia kwa watu kutibu usubi, ule ugonjwa wa mtoni unaopofusha, na kampuni ya Merck ikaitoa bure. Wanasayansi William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Nobel 2015 kwa hiyo kazi. Ni dawa nzuri! Halafu Korona ikaja, Marekani watu wakaanza kunywa ile ya farasi, mpaka mamlaka yao ya dawa, FDA, ikaandika Agosti 2021 kuwaambia watu wazima kabisa kwamba nyinyi si farasi, nyinyi si ng'ombe. Na utafiti mkubwa wa Brazil, wagonjwa zaidi ya 1,300, ukatoka Machi 2022 ukaonyesha haikupunguza watu kulazwa.

Sasa tufanye hesabu pamoja, mwenye simu atoe kalkuleta. Ile sindano ya asilimia 1 ya ng'ombe iko na miligramu 10 kwa kila mililita. Kidonge cha binadamu ni miligramu 3, na mtu wa kilo 60 hupewa kama vine, basi. Mtu akichukua kijiko cha mezani, mililita 15, akameza kwa sababu kijiko ndio kipimo yuko nacho nyumbani, amemeza nini?

(Sauti: "Mia na hamsini!")

Miligramu 150, asante mama. Yaani vidonge 50. Kwa kijiko kimoja ambacho kwa macho kinakaa kidogo kuliko uji wa mtoto. Huyo atatapika, ataona ukungu, atatembea kama mlevi, anaweza kupata degedege ama azimie kabisa. Na bado sijataja mtoto wa kilo 12. Na bado sijataja kile kinachoyeyusha hiyo dawa, manake dawa haiko peke yake mle ndani, kuna vimiminiko vya kuifanya ikae vizuri chini ya ngozi ya ng'ombe, na vingi havikupimwa kwa tumbo lako. Hapa Kenya ya watu inakaguliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ya mifugo iko chini ya VMD, idara ya dawa za mifugo, ofisi mbili tofauti, na huyu wa pili swali lake ni kama ng'ombe atapona na maziwa yatakuwa salama baada ya siku ngapi. Wewe kumeza haikuwa kwa swali.

Kuna nyingine inaitwa penstrep, wafugaji mnaijua, ile nyeupe kama maziwa. Watu wanaipenda kwa vidonda kwa sababu wameskia "penisilini". Lakini ni mbili ndani ya moja, na ile ya pili ni dihidrostreptomaisini, ambayo madaktari wa watu waliiacha zamani kwa sababu iliharibu masikio, mtu anapona kifua anabaki kiziwi. Ng'ombe hatakuambia haskii. Halafu kuna wenye penisilini inawakataa mwilini, na huyo akidungwa nyumbani Kangemi saa tano usiku, koo linafunga, utampigia nani?

Halafu hii nataka mniskize vizuri. Tilmikosini. Tunaitumia kwa nimonia ya ng'ombe. Ng'ombe inamfaa, binadamu inashika moyo na haina dawa ya kuipindua. Kuna watu wamekufa kwa kujidunga kwa bahati mbaya tu wakidunga ng'ombe, mnyama ameruka, sindano imeingia mkononi. Sisi wenyewe tunaiogopa. Sasa hiyo chupa iko rafu moja na dawa ya minyoo, na mtu anasema anaweka "antibayotiki za dharura". Wamarekani wanaojitayarishia majanga huweka zile za samaki, ndio, za samaki wa kwa kioo, ambazo hata hiyo FDA yao haijazipitisha, na video zinafika mpaka huku WhatsApp ya kanisa, sijui nani huzituma.

Dawa ya kupe sitakaa sana. Amitrazi si ya upele wa mtoto, si ya chawa kichwani, si ya kunyunyizia kitanda cha kunguni mkilala hapo. Inapita ngozi, inapunguza mapigo ya moyo, mtu analala haamki. Tumemaliza hiyo.

Kwa hivyo mkebe wa dharura uwe na nini? Mafuriko yakija Nairobi kuhara huja nayo, na kuhara nyingi hakutaki antibayotiki yoyote, ya mtu wala ya ng'ombe, kunataka maji yarudi mwilini. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zinki ya watoto, siku 10 hadi 14, hata akiacha kuhara unamalizia. Pakiti ikikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe bapa si vya kilima. Dawa ya kutibu maji. Na wale wa presha, sukari na ARV, ongeeni na kliniki kabla ya mvua ya Aprili, muombe ya ziada kidogo, muiweke kwa mkebe unaofunga, hata wa Kimbo, pamoja na picha ya kadi yako kwa simu ya mtu mwingine, si yako tu, yako inaweza kuenda na maji.

(Swali: "Na mbwa akiuma mtu wakati huo? Agroveti si wako na chanjo?")

Wako nayo, na ni ya mbwa. Usikubali kudungwa hiyo. Kidonda kioshwe na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, mshike saa, hiyo kuosha si ya kuzuga, inaondoa virusi vingi. Halafu hospitali, hata kama ni kuvuka Waiyaki Way kwa miguu, chanjo ya binadamu ianze siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna kurudi.

(Swali: "Na kama mtu ashakunywa hiyo ya ng'ombe?")

Usimtapishe, hasa ya kupe, ile ina mafuta inaweza kuingia mapafu. Usimpe maziwa ati yanaua sumu. Akisinzia mlaze kwa ubavu. Na chupa, tafadhali, bebeni chupa. Msiitupe kwa aibu. Daktari wa casualty hajui mambo ya ng'ombe, lakini akisoma lebo aone jina na asilimia, na umwambie ni kijiko ngapi na saa ngapi, anajua pa kuanzia, na akikwama anaweza kumpigia vet yeyote, saa yoyote, sisi tunashika simu.