Neno "Mtoro" na Maneno Mengine ya Kuangalia kwa Wanafunzi Wanaobalehe

Walimu wa malezi mliotoka Bahi, Chamwino, Kongwa na hapa Dodoma mjini, habari za asubuhi. Leo nitashika maneno machache tu, maana neno likikosewa kwenye daftari, hatua zinazofuata nazo huenda kombo.

Tuanze na umri. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye miaka 14 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa kuwa hajatimiza 18. Kwa Shirika la Afya Duniani ni kijana balehe, kundi la miaka 10 hadi 19. Kwa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 hajawa kijana bado. Huko wanaanzia 15 hadi 35. Kwa hiyo mkiletewa fomu inayosema "vijana" tu, ulizeni umri kwanza. Msipouliza, darasa la tano zima litaachwa nje ya hesabu.

Kubalehe ni mabadiliko ya mwili wenyewe. Kwa wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, na dalili ya kwanza kwa kawaida ni matiti kuchomoza. Kwa wavulana ni 9 hadi 14, korodani zikianza kukua, muda mrefu kabla ya sauti kuwa nzito. Kuvunja ungo huja miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza. Tukisubiri binti avunje ungo ndipo tumfundishe, tumeshachelewa: ataona damu adhani ameumia. Anzeni darasa la tatu au la nne.

Sasa mzunguko wa hedhi, ambao wengi huuhesabu vibaya. Hesabu huanza siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata, si tangu damu ilipokata. Ikianza tarehe 3 Machi, ikaja tena tarehe 4 Aprili, mzunguko ni siku 32. Kwa binti wa umri huu, siku 21 hadi 45 ni kawaida. Damu ikipita siku 7, au pedi ikilowa chapachapa kila saa moja au mbili, mpelekeni kituo cha afya.

Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6. Binti anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa kumi jioni anahitaji pedi mbili za akiba, maji, na choo chenye komeo. Kikikosekana kimoja tu, atabaki nyumbani.

Ndipo linakuja neno "mtoro". Fungueni daftari la mahudhurio, mwangalie jina moja kwa miezi mitatu. Akikosa siku mbili au tatu, kisha zikajirudia baada ya wiki nne au tano, msimwite mtoro kabla mwalimu wa kike hajazungumza naye faraghani. Sababu iandikwe kwenye daftari la mwalimu wa malezi. Daftari la darasa hubebwa na kiranja, na hadi saa nne darasa zima litakuwa limejua. Nawasihi sana hapo.

Aliyeacha shule kwa ujauzito naye asiandikwe "amefukuzwa". Andikeni "amekatiza masomo", pamoja na tarehe, kwa sababu Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unampa nafasi ya kurudi.