Ukungu Ulionawiri na Ukungu Wenye Sumu

Ndugu wasikilizaji, nimekuja na visahani viwili vya maabara. Vyote vina agari, ile jeli ya kuoteshea ukungu, iliyochanganywa na tui la nazi, na vyote vilipandwa spora, yaani vijimbegu, za ukungu uleule, Aspergillus flavus. Hiki kilikaa kwenye nyuzijoto 30. Hiki kingine, 37. Cha pili ndicho kilichonawiri, kijani mpaka ukingoni kama zulia. Mkiulizwa kipi cha kuogopa, najua mtakionyesha hicho.

Zimeni taa. Nawasha taa ya urujuanimno, nageuza visahani. Kile cha 30 kinang'aa samawati kwa chini. Lile zulia letu? Karibu giza tupu.

Mng'ao huo ni wa aflatoksini B, sumu ya ukungu huu, na herufi hiyo B imetokana na jina la Kiingereza la rangi mnayoiona. Ukungu hauihitaji sumu hii ili uishi. Huitengeneza kwa jeni karibu 30 zilizojipanga pamoja kwenye kromosomu moja, na nyingi kati yake husubiri amri ya jeni iitwayo aflR. Joto likifika 37, kukua kunaendelea, ila jeni hizo hunyamaza.

Chakula nacho kina neno lake. Upe glukosi, sumu itatoka kwa wingi. Upe peptoni, yaani protini iliyovunjwavunjwa, peke yake, utakua vizuri tu na sumu itakuwa haba. Chumvi za amonia huichochea, nitrati huizuia. Mimi hili lilinishangaza kuliko la joto, maana zote mbili huupa ukungu naitrojeni!

Unyevu mnaujua: nafaka isiyokauka huota ukungu. Wasichokijua wengi ni kwamba sumu hudai maji zaidi kidogo kuliko kukua kunavyodai. Kwa hiyo ukungu unaweza kuishi kwenye punje kavukavu bila kutia sumu, ukingoja.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama? ... Anauliza kama ukungu uliokulia kwenye joto kali basi ni salama. (Mnacheka, lakini swali ni zuri.) Hapana, mama. Kisahani hiki cha 37 nikikihamishia leo kwenye 30, zile jeni huamka. Na sumu ikishatoka, hata ukungu wenyewe ufe, yenyewe inabaki, kuchemsha hakuimalizi.