Darubini ya joto na komba wa Pugu

Ndugu waongoza wageni, naona macho yote yako kwenye hii darubini niliyoishika. Haitoi mwanga, wala haihitaji mbalamwezi. Inapokea mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ambayo kila kitu hutoa kulingana na joto lake, kisha inachora tofauti. Manyoya huzuia joto lisitoke, ndiyo maana uso na macho ya mnyama hung'aa kuliko mgongo. Lenzi si ya kioo bali ya elementi iitwayo gerimani, na hapo bei inapopandia, kwa sababu kioo hakipitishi mionzi hiyo. Ukichungulia kupitia dirisha la gari lililofungwa, utajiona mwenyewe!

Kwa tochi, tumezoea kutafuta macho yanayorudisha mwanga. Komba akikupa kisogo, umemkosa. Darubini ya joto humnasa hata akiwa amegeuka, bila kumsumbua. Lakini haipenyi majani: ukiona nusu ya doa, sogea hatua mbili uangalie tena. Na usiwahi sana kutoka. Magogo, mawe na vichuguu vilivyoshinda juani hubaki na joto, na mapema usiku kila kichuguu ni mnyama. Mimi napenda saa tisa au kumi usiku, vitu vikiwa vimepoa, mradi hakuna ukungu wala mvua.

Sasa tuje kwenye msitu wa Pugu, karibu na Dar es Salaam. Humo yumo komba wa Rondo, mwenye gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote duniani, na haonekani popote ila katika mabaki ya misitu ya pwani ya Tanzania. Kwenye skrini ya darubini ni kidoa tu. Panya wa juu ya miti naye ni kidoa, na ndege aliyelala vilevile. Anayesema "nimemwona" kwa kidoa peke yake, mimi simwandiki daftarini.

Ukipata kidoa, shusha mkono usikilize. Komba wadogo hutambulikana kwa milio. Wa Rondo hurudia mlio wa vipande viwiliviwili. Ndipo uwashe tochi nyekundu kidogo, utazame mkia: wake umechanua mithili ya brashi ya chupa.

Tochi ya miguuni msiiache. Nyoka huwa na joto karibu sawa na ardhi aliyolalia, kwa hiyo darubini hii mara nyingi haiwezi kumtofautisha.