Kilimo hai na njaa: tulichojifunza Sri Lanka na Mbita

REHEMA: Haya karibuni tena jamani, leo ni lile swali mnalotuuliza kila siku, kwamba tukiacha mbolea za viwandani tukarudi kwenye samadi na mboji, yaani kilimo hai, hii dunia itakula nini? Kaka Saidi, anza wewe.

SAIDI: Asante dada. Mi naanza na Sri Lanka maana pale ndo serikali ilijaribu kwa nchi nzima. Gotabaya Rajapaksa, aliyekuja kuwa rais wao, kwenye kampeni za 2019 aliahidi watahamia kilimo hai ndani ya miaka 10, sawa, miaka 10 unaweza kujipanga. Sasa 2021 mwezi wa nne wakatangaza ghafla hakuna tena kuagiza mbolea za chumvichumvi wala viuatilifu.

REHEMA: Na dola zilikua zimewaishia pia, tuseme ukweli. Watalii hawaji sababu ya korona, madeni yamebana, kwahiyo kuacha kuagiza mbolea kulikua kunaokoa hela.

SAIDI: Haswa. Mkulima wa mpunga anaingia msimu hana yurea, ile mbolea ya viwandani ya kukuzia, na mboji ya kutosha hakuna, ikaja meli ya mbolea ya asili kutoka China wataalamu wakapima sampuli wakakuta bakteria, ikakataliwa. Mpunga ukaanguka, chai nayo ikashuka na ndo inawaletea fedha za kigeni, nchi iliyokua inajitosheleza kwa mchele ikaanza kuagiza. Mwezi wa 11 mwaka huohuo marufuku ikaondolewa ila msimu ulishaharibika.

REHEMA: Inaniuma sana hii, kwasababu watu wakaanza kusema umeona, kilimo hai ni njaa. Wakati pale waliondoa mbolea bila kuweka kitu mahali pake! Udongo unataka naitrojeni, kile chakula cha mmea, haujali imetoka wapi lakini unataka iwepo.

SAIDI: Ebu tupige hesabu hapohapo. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Tuseme samadi yako ni nzuri ina asilimia 1, unahitaji kilo 2,300 kupata naitrojeni ileile, na haipatikani yote msimu wa kwanza. Sasa mtu ana ng'ombe wawili, ataitoa wapi na ataibebaje mpaka shambani?

REHEMA: Na hiyo samadi yenyewe wengi tunairundika juani tu. Ile harufu inayochoma pua ukipita zizini ndo naitrojeni inaondoka hivyo. Ifunike jamani, changanya na majani makavu na mabua, chomeka fimbo katikati ya lundo, baada ya siku kadhaa ichomoe uishike, ikiwa ya moto ujue kazi inaendelea, ikiwa baridi na kavu mwagia maji ugeuze.

SAIDI: Sasa turudi kwenye njaa. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wenzake wanasema mwaka 2024 watu kama milioni 673 duniani walikua na njaa, zaidi ya milioni 300 wako Afrika. Na wengi wao dada ni wakulima haohao, anayelima ndo anayelala njaa.

REHEMA: Hapo ndo mi nataka tukae. Utafiti mkubwa uliotoka 2012 kwenye jarida la Nature ulikuta mavuno ya kilimo hai kwa wastani yako chini kama asilimia 25, watu wakaushika huo kama rungu. Lakini anayelinganishwa pale ni mkulima anayeweka mbolea zote na dawa zote. Huyu wetu anayevuna gunia 4 kwa ekari, hajawahi kununua mfuko hata mmoja, ana asilimia 25 gani ya kupoteza? Yeye kila kinachoingia kwenye udongo wake ni faida.

SAIDI: Na mfano upo hapa jirani, Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walianza kule miaka ya 90, kitu wanaita sukuma-vuta. Mahindi yanapandwa, katikati ya mistari unaweka desmodiamu, mmea unaotambaa, pembeni kuzunguka shamba unaweka mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe. Yule nondo wa kipekecha shina, ambaye funza wake wanatoboa mabua ya mahindi, hapendi harufu ya desmodiamu anakimbia, anavutwa na mabingobingo anatagia huko na funza wengi wanafia hukohuko.

REHEMA: Na kiduha, lile gugu! Mi ndo kilinishika hapo. Kiduha kinanyonya mahindi kwenye mizizi, palizi haikimalizi, mbegu zake zinakaa ardhini miaka na miaka. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali inafanya mbegu ya kiduha iote afu inakosa cha kushika, inakufa. Na ni jamii ya kunde kwahiyo inaongeza naitrojeni, na majani yake na yale mabingobingo anakula ng'ombe, ng'ombe anakupa maziwa na samadi. Kuna waliotoka chini ya tani 1 kwa hekta wakafika tani 3 na zaidi.

SAIDI: Na akiongeza mbolea ya kupandia kidogo mi simkatazi.

REHEMA: Hata mi simkatazi, watoto wale kwanza, mambo ya cheti cha kilimo hai yatakuja. Kuna msikilizaji aliuliza mbegu ya desmodiamu ni ghali, anafanyaje?

SAIDI: Kama jirani anayo, akate vipande vya shina vyenye vifundo apande mvua ikianza, zinashika vizuri tu. Tatizo langu ni shamba la kukodi. Desmodiamu inakaa miaka, sasa mtu kakodi msimu mmoja, ataipandaje wakati mwakani mwenye shamba akiona udongo umenona anamwambia toka nalima mwenyewe?

REHEMA: Na wanaokodi hivyo wengi ni akina mama. Andikishaneni jamani, miaka 3 au 4, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ndipo uweke jembe.