Uso si ushahidi

Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji, watendaji, wazee wangu, shikamooni.

Nimeitwa hapa Lindi nizungumzie ulinzi shirikishi, nami naanza na simba. Msicheke. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na mkoa huu ni miongoni mwa iliyoumia zaidi. Mnalikumbuka neno lililozunguka vijijini: hawa si simba wa porini, ni wa kutumwa. Basi likaja swali, nani anawatuma?

Tukae hapo kidogo. Anayetajwa ni bibi anayeishi peke yake, haongei na watu, macho mekundu. Macho mekundu! Mtu aliyepuliza kuni mbichi kwenye mafiga tangu usichana wake, mlitaka macho yake yawe rangi gani? Na akitajwa mwenye mali, mara nyingi ni yule tuliyekwisha kumchukia kabla simba hajafika.

Watafiti walipofuatilia, walikuta mashambulizi yanazidi msimu wa mavuno, na yanazidi penye nguruwe pori wengi. Nguruwe anafuata mazao, mkulima analala dunguni amfukuze, simba anamfuata nguruwe. Akimkosa nguruwe, mkulima yupo. Bibi yetu hayumo kabisa.

Wasomi nao wasitucheke. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai mhalifu wa kuzaliwa anajulikana kwa taya kubwa, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu. Hata michoro ya mwilini aliihesabu dalili. Angefika Newala akawaona mababu wa Kimakonde na chale zao usoni, urembo walioulipia kwa maumivu, angeitia jela wilaya nzima. Baadaye Mwingereza Charles Goring akapima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wasio wafungwa. Mwaka 1913 akatoa jibu: sura hiyo ya mhalifu haipo.

Na kuna anayepona kwa sababu ya sura. Mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya utaratibu, anakuja na shati limepigwa pasi, anamwamkia mama yako, anakopesha hela ya sare za shule. Msimu ukifika, korosho zote zinakwenda kwake kwa bei ya kutupa. Huyo tunamwita bosi. Kijana mwenye rasta aliyekaa kijiweni, ambaye hajachukua hata embe la mtu, ndiye jina lake linakuwa la kwanza kuku akipotea.

Mimi nasema hatumchunguzi mtu tukamwona mbaya. Tunamwona mbaya, kisha tunatafuta kosa la kumvika.

Naona mzee wangu pale ananyoosha mkono. Anauliza: na akikiri mwenyewe? Mzee, kabla hujaandika kwamba amekiri, andika alikiri saa ngapi, mbele ya nani, na fimbo ilikuwa mkononi mwa nani. Kisha mfikishe kituoni akiwa anatembea kwa miguu yake.