Kilo za TLD na Ini la Kurithi

Shikamooni wazee wangu. Na wengine, habari za asubuhi.

Waelimisha rika mliopo hapa mmelisikia lalamiko hili kuliko mimi: "Daktari, tangu mnibadilishie dawa magauni hayafungi." Mama kakaa na kidonge cha VVU chenye dawa ya efavirenzi miaka mingi, kahamishiwa TLD, kidonge kipya cha VVU, mwaka haujaisha kaongezeka uzito. Mumewe kahamishwa siku ileile, na mkanda wake uko tundu lilelile. Kwa nini?

Tukumbuke tulikotoka. Miaka ya 1980 UKIMWI ulijulikana kwa kukondesha. Uganda waliuita "Slim". Kwa hiyo mtu akianza ARV akajaza mashavu, sisi hufurahi. Kisha ikaja stavudini, mojawapo ya ARV za zamani, iliyoyeyusha mafuta ya uso na mapaja hadi mtu akatambulika mtaani bila kusema neno. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziachane nayo.

Sasa tuna dolutegraviri, ile "D" ya TLD. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la ADVANCE la Johannesburg, watu 1,053. Baada ya wiki 48, waliotumia efavirenzi walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 1.7. Wa dolutegraviri na tenofoviri ya kawaida, ile "T" ya TLD, 3.2. Wa dolutegraviri na tenofoviri ya aina mpya, TAF, 6.4. Wanawake waliwazidi wanaume. Basi ikasemwa kila mahali: dawa mpya inanenepesha.

Mimi nasema tusikimbilie huko. Watafiti wa Afrika Kusini walirudi kwa washiriki wa jaribio wakachunguza jeni moja, CYP2B6. Jeni hii ndiyo inayoagiza ini litengeneze kimeng'enya cha kuvunja efavirenzi. Kila mmoja wetu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Pale nafasi ya 516, herufi G ikiwa imegeuka T, kimeng'enya kinapungua. Aliyerithi T mbili huvunja dawa polepole sana: kidonge cha leo kinakuta cha jana bado kimo. Baadhi ya wale waliotuambia wanaota ndoto za ajabu na kuamka na kizunguzungu, na sisi tukawajibu "utazoea", walikuwa hawa.

Walipopimwa uzito, wavunjaji wa haraka waliokuwa kwenye efavirenzi walikuwa wameongezeka karibu sawa na watu wa dolutegraviri. Walioshusha wastani ni wale wa polepole. Maana yake, sehemu ya kilo tunazoitwisha dawa mpya ni kilo ambazo dawa ya zamani, ikijazana mwilini, ilikuwa inazizuia. Marekani nako waliwafuatilia watu waliohama kutoka efavirenzi kwenda dawa za kundi la dolutegraviri: wenye jeni ya polepole ndio waliopanda zaidi baada ya kuhama. Mama yetu wa magauni huenda ni mmoja wao.

T hiyo ni ya kawaida zaidi Afrika kuliko Ulaya. Lakini Watanzania walipolinganishwa na Waethiopia, Watanzania walikutwa na efavirenzi nyingi zaidi kwenye damu. Kwa hiyo ukisema "Mwafrika", kuhusu ini lake bado hujasema kitu.

Jeni hii haimalizi hesabu. Zile 3.2 na 6.4 wote walikuwa na dolutegraviri. Hapo tofauti ni tenofoviri, na ile ya kawaida nayo huelekea kubana uzito. Sahani ya ugali na umri vina sehemu yao. Kwa hiyo mama apimwe kiuno, presha na sukari, na asithubutu kuruka vidonge ili akonde. Virusi vitarudi kabla gauni halijafunga.

Naona mkono kule nyuma. Dada anauliza: kama yeye ni wa polepole, wanawe je?

Ukiwa na T mbili, dada, kila mtoto amechukua moja kwako, hakuna aliyekwepa. Ya pili inategemea baba yao. Kwenye TLD hilo haliwasumbui, maana dolutegraviri huvunjwa zaidi na kimeng'enya kingine. Ila hiki cha CYP2B6 hakifanyi kazi ya efavirenzi peke yake. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, nayo hupitia hapohapo, na wenzetu wa kliniki za methadoni wamekaa safu ya mbele leo. Nawaachia kipaza sauti.