Kikopo cha Chuma Ndani ya Usukani

SALMA: Karibu tena, msikilizaji. Kaka Juma leo kachelewa, anasingizia foleni ya Ubungo.

JUMA: Sisingizii, dada. Na muda wote niliokaa pale nilikuwa nautazama usukani tu, tangu uliponitumia ile habari ya Takata.

SALMA: Waeleze wenzetu Takata ni nani.

JUMA: Kampuni ya Kijapani iliyotengeneza mikanda na eabegi, ule mfuko uliojificha ndani ya usukani unaofutuka kukukinga ukigonga. Magari haikuunda, iliwauzia waundaji. Honda, Toyota, Nissan, BMW, Ford, karibu kila mtu. Ilifilisika Juni 2017.

SALMA: Nyuma ya ule mfuko kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali. Ukigonga, vidonge vinawaka, gesi inajaza mfuko kufumba na kufumbua. Takata walichagua amonia nitreti.

JUMA: Si ndiyo iliyomo kwenye mbolea ya CAN?

SALMA: Hiyo hiyo. Na migodini wanalipulia miamba. Ni bei chee, lakini haivumilii joto na unyevu. Mchana jua, usiku baridi, miaka inakwenda, vidonge vinamung'unyika kuwa unga. Unga unawaka haraka kuliko kidonge, kama vijiti na gogo. Kikopo kinazidiwa, kinapasuka, vipande vya chuma vinaruka shingoni na usoni. Hata kama mmegusana tu na gari la mbele.

JUMA: Na wenye viwanda vya magari hawakushtuka?

SALMA: Mwaka 2016 gazeti la New York Times liliandika kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 General Motors, waundaji magari wa Marekani, waliwafuata Autoliv, kampuni ya Sweden ya eabegi. Wakawaambia: Takata wana kikopo cha bei ya chini, nanyi tuleteeni hivyo, la sivyo tunahamia kwao. Wanakemia wa Autoliv wakakichunguza, wakaona hatari, wakakataa.

JUMA: Wakakosa biashara.

SALMA: Wakaikosa.

JUMA: Hapo ndipo pananiuma. Nimewahi kununua vifaa kwa ajili ya kampuni ya ujenzi, najua mchezo huo. Ukimlalia muuzaji mpaka shilingi ya mwisho, hakwambii kwamba haiwezekani. Anakubali, anatabasamu, halafu anapunguza mahali ambapo jicho lako halifiki. Anayekwambia ukweli ndiye unayemwacha.

SALMA: Na Takata walipunguza hata ukweli wenyewe. Mwaka 2017 walikiri mahakamani Marekani kuwa walipeleka ripoti za uongo za majaribio kwa wateja wao. Adhabu: dola bilioni 1. Milioni 25 faini, milioni 125 kwa walioumia na waliofiwa, milioni 850 kwa kampuni za magari.

JUMA: Ngoja kwanza. 125 kwa wafiwa, 850 kwa kampuni?

SALMA: Ndiyo hesabu.

JUMA: Aisee.

SALMA: Hao wa magari walidanganywa kweli, siwaonei. Ila aliyebana bei ndiye aliyefungua mlango.

JUMA: Na walichukua muda gani kuyaita magari yarudi kurekebishwa?

SALMA: Kikopo cha kwanza kinachojulikana kilipasuka Alabama mwaka 2004, kwenye Honda. Mwaka 2008 Honda wakaita magari kama 4,000 hivi. Mwishowe Marekani peke yake vikopo vilivyoitwa vibadilishwe vilifika milioni 67 hivi, na waliokufa huko wamepita 25. Maeneo ya kwanza kwenye orodha ya hatari yalikuwa Florida, Hawaii, Puerto Rico.

JUMA: Yaani hali ya hewa yetu. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja.

SALMA: Malaysia nako watu wamekufa. Na sisi magari tunayapata mkono wa pili kutoka Japani. Barua ya kuita gari inamfuata mwenyewe wa kule, siyo wewe uliyelitoa bandarini.

JUMA: Taa ya eabegi kwenye dashibodi si itawaka?

SALMA: Haiwezi kuona vidonge vilivyooza. Taa yenyewe mafundi wengine wanaizima ili gari liuzike.

JUMA: Sasa nifanyeje na Corolla yangu?

SALMA: Chukua namba ya chesisi, iko kwenye kadi ya gari. Toyota wana ukurasa kwenye tovuti yao ya Japani, unaiingiza pale. Kama imo kwenye orodha, nenda kwa wakala wao. Usikimbilie maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, kununua eabegi iliyovuliwa kwenye gari jingine, maana hujui ilikaa jua la wapi.

JUMA: Kadi iko nyumbani, kwa mke wangu.

SALMA: Mpigie. Tutangoja.